Yah: Kuhamishwa kwa Karani, Mbwa wa Marehemu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bonde,
Ofisi ya juu ya duka la mbolea.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wa kiti chako cha ofisini umeshatengenezwa. Najua nyumbani unaniita Mama Mkubwa, na mimi nimekuogesha kwenye beseni la vyombo ukipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza. Lakini leo nakuandikia kama mkazi anayemwandikia kiongozi wake, kwa hiyo mambo ya beseni tuyaweke pembeni.

Nimesoma tangazo la Kamati lililobandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Linasema mbwa wote wa kuwinda wanaofugwa karibu na nyumba mpya za wageni kutoka mjini wahamishiwe ng'ambo ya kilima kabla ya Jumamosi, na kwamba mbwa atakayekutwa siku hiyo atachukuliwa na mgambo. Nililisoma tena ili nijue hao mbwa wote ni akina nani. Wawindaji wengine walishawahamisha wa kwao zamani ili kuepuka maneno. Mbwa wote waliobaki ni Karani. Mngemtaja kwa jina tu, wino ungebaki.

Karani unamjua. Ni mbwa wa marehemu baba yako mkubwa, na alipewa jina hilo kwa sababu hapitishi kitu bila kukinusa pande zote, na ukimharakisha anaanza upya. Tangu tumzike marehemu, yeye amebaki na mimi na mimi nimebaki naye. Ndani ya nyumba hamna mwingine. Akivushwa kilima nitabaki na saa ya ukutani, nayo ilisimama. Ndiyo maana naleta pingamizi langu, na nimelipanga kwa namba kama mnavyopenda ofisini.

1. Kuhusu maneno "bila sababu ya msingi".

Tangazo linasema mbwa hao hubweka kila alfajiri bila sababu ya msingi. Naomba maneno hayo yafutwe. Alfajiri ndiyo saa ambayo marehemu alikuwa akitoka. Alikaa kwenye kizingiti akifunga kamba za viatu, cha kulia kwanza, huku akisemezana na mbwa kwa sauti ya chini ili asiniamshe. Nami nilikuwa macho, nikijifanya nimelala ili asijisikie vibaya. Tuliishi hivyo miaka yote na hakuna aliyemshtukia mwenzake, au labda alinishtukia akanyamaza. Sasa saa hiyo ikifika Karani anakwenda getini, anaelekeza uso kilimani, anamwita. Asipoitikiwa anaita tena. Kwa uelewa wangu, huyo ni mfanyakazi aliyefika kazini akakuta bosi hajaja. Katika bonde hili simjui mwingine anayefika kazini kwa wakati, na ofisi yako naijua inafunguliwa saa ngapi.

Mlalamikaji ni jirani yangu, yule mstaafu wa bima tunayemwita Bwana Utulivu kwa sababu ndilo neno la kwanza alilotamka aliposhuka kwenye gari. Alikuja getini kwangu kwa adabu, sikatai.

"Mama, samahani, huyu mbwa anambwekea nani?"

Nikamjibu, "Anambwekea mume wangu."

Akachungulia nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Amefariki, ndugu yangu."

Akavua kofia, akasema pole sana, akasimama kidogo akiizungusha mikononi. Kisha akauliza, "Na mbwa ameshaambiwa?"

Mwanzoni nilikasirika. Baadaye, nikiwa naosha sahani yangu moja, nikaona ni swali la haki. Nilimwita Karani jikoni nikamweleza yote taratibu, kuanzia homa hadi mazishi, bila kuficha. Alinisikiliza amelaza kichwa upande mmoja. Kesho yake alfajiri akabweka kama kawaida. Kwa hiyo, Mheshimiwa, taarifa amepewa. Asichokubali ni maudhui yake. Mimi pia nilipewa taarifa hiyohiyo na daktari, tena kwa Kiswahili kizuri, na sijaikubali yote.

2. Kuhusu utulivu wenyewe.

Bango lililosimikwa pale bonde linapoanzia linasema "Karibu Kwenye Utulivu". Sisi wenyeji hatukujua kwamba tunao. Tulidhani ni ubovu wa barabara tu. Tangu utulivu ugunduliwe, tumeletewa mashine ya kuchanganya zege, mashine ya kukata nyasi, pampu ya kisima, na king'ora cha gari kinacholia paka akipita. Bwana Utulivu mwenyewe ana spika barazani inayotoa sauti ya kijito na ndege ili imsaidie kulala mchana. Kijito kiko nyuma ya nyumba yake. Ndege wako juu ya paa lake. Nimewaona wametua kwa mstari, kimya kabisa, wanaisikiliza spika. Sijui ni heshima au wanadhani nafasi zao zimeshachukuliwa.

Naomba Kamati itufafanulie ni kelele ya aina gani inayohesabiwa kuwa utulivu, ili na sisi tuinunue.

3. Kuhusu paja la swala.

Jambo hili lilisemwa vibaya kikaoni, na kwa kuwa marehemu hawezi tena kulieleza, nalieleza mimi. Wawindaji wetu wana utaratibu wao: mnyama akitimuka kutoka kwenye ua wa mtu, mwenye ua anapata paja la nyuma. Wanalifunga kwa majani, wanalitundika getini, wanaondoka kimya, maana wanarudi mapema na hawapendi kuamsha watu. Mapaja hayo yalitundikwa sana kwenu. Mama yako alikuwa akikwambia yameletwa na malaika, ili usije kwangu kuomba jingine.

Swala wa kwanza wa msimu uliopita alichomoka kwenye waridi za Bwana Utulivu. Wawindaji walifurahi kweli. Mgeni hajamaliza hata kufungua maboksi, tayari ana fungu lake. Marehemu alilichagua paja mwenyewe na kulifunga fundo lake lile la mara mbili. Asubuhi Bwana Utulivu akafungua geti, akakutana na mguu wenye damu unaning'inia usawa wa uso wake, akaelewa kwamba ametishiwa kuuawa. Akapiga simu polisi. Polisi aliyekuja ni mtoto wa hapahapa. Alilizunguka lile paja, akalibonyeza kwa kidole, akasema, "Bichi, halina kasoro," kisha akamwuliza mlalamikaji kama ana mpango wa kulila.

Wageni wakafanya kikao cha dharura, wakabandika karatasi kwenye mageti yao yote: TUNAWAJUA. Wawindaji walipoisoma walifarijika. Fundi Baiskeli, ambaye ndiye mkubwa wao, akasema, "Mnaona? Watu wameshatujua." Kilichowasumbua ni kwa nini paja lilirudishwa, tena ndani ya mfuko wa polisi. Walijadiliana mchana kutwa pale kwenye karakana ya Fundi, wakakubaliana kwamba bila shaka lilikuwa dogo. Wiki iliyofuata wakatundika mawili.

Marehemu alirudi jioni ametoka kuhojiwa. Alinawa mikono, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, taulo magotini. Sikuwahi kumwona ameumia hivyo kwa jambo la nyama. Nikamwuliza wamemwambia nini. Akasema, "Wale watu wana haya sana, mke wangu. Itabidi tuwazoeshe polepole." Hakuishi kuwazoesha.

Naomba muhtasari wa kikao cha Kamati urekebishwe. Palipoandikwa "vitisho" paandikwe "makaribisho", na palipoandikwa "vitisho vilivyoongezwa makali" paandikwe "makaribisho yenye paja la ziada".

4. Kuhusu nguruwe pori na wanaowatetea.

Wageni wametia saini malalamiko mawili kwa siku moja, na kalamu ni ileile ya kijani. Lalamiko la kwanza linataka uwindaji usimamishwe kwa sababu nguruwe pori nao wana haki ya kuishi. La pili linataka nguruwe pori waondolewe haraka kwa sababu wamefukua nyasi. Yule daktari wa meno wa nyumba ya vioo alikuwa akiwamwagia maganda ya viazi, akampa jike wao mkubwa jina la Malkia. Malkia ameshazaa. Sasa anakuja na ukoo mzima, na chakula kikichelewa anagonga kioo kwa pua. Daktari alimfuata Fundi Baiskeli akamwuliza kama wawindaji hawawezi kuzungumza na hao nguruwe. Fundi akamjibu, "Tumezungumza nao miaka yote, daktari, ila tulikuwa tunatumia bunduki."

Bwana Utulivu naye amebuni njia yake. Jioni huvaa buti ndefu na koti lenye mifuko mingi isiyo na kitu, huning'iniza darubini na filimbi shingoni, kisha huenda kusimama katikati ya bustani. Nguruwe wanamheshimu. Wanapita pembeni yake. Siku moja mbuzi wangu alikohoa nyuma ya ua, na mstaafu wetu akapanda juu ya meza. Simsemi kwa ubaya, nilimsaidia mwenyewe kushuka. Nasema tu kwamba mtu aliyepandishwa mezani na mbuzi asipewe madaraka ya kuamua ni nani hatari katika bonde.

Na kumbuka, pua pekee ambayo Malkia anaikwepa hadi leo ni ya Karani. Mkimhamisha yeye, Malkia atawania kiti chako, na wapiga kura anao.

5. Kuhusu vibali.

Mwindaji hapa haruhusiwi kutoka bila kibali. Kibali kinaeleza msimu, eneo, na mnyama asiyeguswa. Naona utaratibu huu ni mzuri na ni uonevu kuwanyima wageni. Napendekeza nao wawe na msimu wao, na ukiisha wapumzishwe mjini ili waongezeke. Mgeni ambaye hajatimiza mwaka asisumbuliwe, aachwe akue. Mgeni mwenye watoto wadogo asitenganishwe nao. Wenyeji wapigwe marufuku kuwalisha wageni barabarani, maana wakizoea hawaondoki. Na mgeni atakayekutwa amevuka kijito akiwa amebeba malalamiko, anyang'anywe malalamiko, yeye mwenyewe aachiliwe bila kujeruhiwa.

Wakati huohuo, kwa kuwa kanuni ya Kamati ni kwamba mwenye sauti ndiye ahame, naomba itekelezwe bila upendeleo. Wahamishwe vyura wa kijitoni. Ahamishwe jogoo wa mpishi wa shule, na mashine ya kusaga, pamoja na ukuta mliobandika tangazo. Ahamishwe mkeo anapowaita watoto waoge. Namheshimu sana, ila sauti yake hufika kwangu ikiwa na nguvu zote. Na nihamishwe mimi. Nimelia kwa sauti alfajiri nyingi tangu mazishi, Mheshimiwa, wala si kulia kwa kistaarabu. Kama hakuna jirani aliyelalamika, ni kwa sababu Karani alikuwa akinifunika. Hilo sikuwa nimelitaja kikaoni. Mkimwondoa, mtasikia kilichokuwa chini yake, halafu mtaandika tangazo jingine.

6. Kuhusu mhusika mkuu.

Hapa ndipo lilipo pingamizi langu hasa. Tukiifuata hoja ya Kamati hadi mwisho wake, Karani habweki kwa kupenda. Anabweka kwa sababu marehemu hajarudi. Kwa hiyo chanzo cha kelele ni marehemu. Kumhamisha mbwa ni kumwadhibu tarishi na kumwacha aliyemtuma.

Naomba basi barua ya wito iandikwe kwa jina la marehemu mwenyewe, afike mbele ya Kamati kabla ya Jumamosi ajieleze. Anuani yake ni makaburini, mgongoni mwa kilima, upande linakochomoza jua. Ipeleke wewe mwenyewe, kwa kuwa ni ndugu yako na hujafika kule tangu siku ile. Ukimkuta mkaidi usibishane naye, ana tabia ya kukubali kila kitu ili umwache apumzike. Mwambie tu kwamba Karani yuko getini. Na ukiwa hapohapo mwulize alikoweka ufunguo wa kabati la chini, na kama koki ya jikoni inafungwa kwa kulia au kushoto, maana nimejaribu kote na bado inadondosha. Mwambie viatu vyake nimevipaka mafuta. Mwambie sijampa mtu.

Asipoitikia wito, naomba Kamati iniandikie rasmi kwamba imejitahidi kumtoa marehemu katika bonde hili na imeshindwa. Na kama Kamati nzima, pamoja na mgambo na mihuri yake, imeshindwa, basi mbwa mmoja asihukumiwe kwa kushindwa jambo hilohilo.

Kwa sababu hizo zote naomba kitu kimoja tu: Karani abaki nyumbani. Hayo ya vibali, vyura na wito mnaweza kuyajadili kwa nafasi.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, hasa yule anayelala vikaoni, kwa kuwa hajawahi kuunga mkono kanuni mbaya. Msalimie mkeo na watoto. Msalimie daktari wa meno, na Malkia akiwa hapo kiooni. Mwambie mama yako sufuria yake nimeiona, ilikuwa chini ya kitanda, nitairudisha.

Nabaki kuwa mkazi wako mtiifu kwa hoja zote sita,

Mjane wa mwindaji,
ambaye ukivua koti la ofisi utamwita Mama Mkubwa.

Nakala:
Fundi Baiskeli, kwa niaba ya wawindaji.
Karani, kwa kunuswa.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mlango ukagongwa. Ni Bwana Utulivu, amevaa nguo za kulalia na buti, moja haijafungwa, anatweta. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mama, kuna nini? Mbwa hajabweka."

Ikabidi nimwambie ukweli, na wewe nakwambia, ingawa hoja zangu zote zinaangukia hapa. Leo alfajiri nilimfungia Karani kwenye stoo ya kuni, pamoja na koti la marehemu ili alilalie, kwa sababu nilitaka kuandika barua hii na nisingeweza kuandika kwa ile kelele. Nilijaribu. Sentensi ya kwanza yenyewe ilinishinda. Nilihitaji utulivu, Mheshimiwa, na nilipoupata ulikuwa mtamu.

Bwana Utulivu alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akajifuta uso kwa mkono wa nguo. Akasema ameamka saa yake ya kila siku, akabaki kitandani akisubiri Karani aanze ili apate kukasirika. Hakusikia kitu. Akasubiri tena. Mwisho akaamua kwamba nimekufa, akaruka ua. Waridi zimemchana miguuni. Nilimwuliza kwa nini hakupiga simu, akasema angempigia nani, namba yangu hana, na mtu mwingine humu bondeni anayemfahamu vizuri ni polisi.

Nimemfungulia Karani. Yuko getini anafidia muda aliopoteza, na lazima nikiri kwamba kelele ni kubwa kweli, humu ndani hatusikilizani. Mgeni anakunywa chai. Nimemwuliza kwa ishara kama nimfungie tena, naye amekataa kwa ishara.

Anasema barua hii atakuletea yeye, kwa kuwa anakuja kuiondoa saini yake kwenye malalamiko. Nitaifunga kwa gundi. Tafadhali usimsomee namba nne.

Na Jumamosi mgambo asijisumbue kuja alfajiri, hatutakuwepo. Bwana Utulivu ameomba aonyeshwe njia aliyokuwa akipita marehemu, yote hadi juu, na mimi naifahamu mpaka getini tu. Karani ndiye atakayetuongoza.